Ukurasa Mmoja Kabla ya Kupuliza

Daktari wetu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkavu. Kila alipoona riwaya mezani kwangu alinikumbusha kwamba mimi ni muuguzi wa kiwanda cha kukata mawe, si mke wa tajiri anayesubiri chai. Alinibebesha majarida ya vumbi na mapafu, nami niliyasoma yote, maana kazi ni kazi. Lakini riwaya sikuiacha. Majarida yalinifundisha pafu. Nilihitaji kitu cha kunikumbusha kwamba pafu lina mwenyewe.

Nikapata njia ya katikati. Mkataji akija kupimwa pumzi lazima kwanza akae atulie, ndipo apulize kwenye mashine. Katika kutulia huko nilimpa riwaya asome ukurasa mmoja kwa sauti, na anayefuata aendelee pale mwenzake alipoishia. Wanaume wazima wakawa wanagombania zamu, hasa tulipofika penye mapenzi.

Msomaji hodari kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa marehemu dada. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya kujaza chumba, wenzake wakambatiza Spika. Alikuwa akimlea binti yao peke yake, nami nilijiapiza kwamba mtoto yule hatafiwa na mzazi wa pili mimi nikiwa nimekaa tu naangalia.

Asubuhi moja Spika alivuta pumzi katikati ya sentensi, pasipo mkato wala nukta. Mstari wa pili akafanya vilevile. Wenzake walidhani anatia madoido, wakacheka. Mimi sikucheka. Akapuliza, mashine ikaonyesha yuko ndani ya kiwango, na daktari akasema huyu mzima, arudi kazini.

Sikuridhika. Nilirudi kwenye yale majarida, safari hii nikisoma kama mtu anayetafuta funguo gizani, mpaka nikapata. Mashine humlinganisha mtu na watu wa kawaida wa umri na kimo chake. Shemeji hakuwa wa kawaida. Alianza kazi na pumzi nyingi kupita wenzake, kwa hiyo angeweza kupoteza nyingi na bado akaonekana mzima. Nilivitoa vipimo vyake vya zamani, nikaviweka mbele ya daktari kando ya vile vipya. Hakubisha. Alimpeleka kupigwa picha ya kifua siku hiyohiyo.

Mapafu yalikuwa yamejaa makovu. Walimtoa kwenye misumeno, lakini ugonjwa huu haujali kama mtu ametoka vumbini; ukishaingia huendelea wenyewe. Niliwahi kuliko mashine, na bado nilikuwa nimechelewa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa yuko kitandani nyumbani kwake, mrija wa hewa puani. Nikitoka kazini hupita kumsomea. Juzi nilifungua riwaya, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hiyo iache, shemeji. Nisomee yale majarida yako ya kazini."

Nikamwambia yale ni makavu, yatamchosha bure.

"Nataka kujua inaishaje," akasema.

Nilitaka kukataa. Lakini mtu huyu alikuwa amewasomea wenzake miaka yote bila kuruka mstari, hata ile ya kuliza. Nikatoa jarida kwenye mkoba nikaanza. Penye neno gumu nilisimama nikamweleza, naye alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza kama kuna mahali popote panapotaja dawa ya kuurudisha ugonjwa nyuma. Nilimjibu hakuna, nimeshatafuta kote.

Chumba cha pili binti alikuwa akifanya kazi za shule huku anaimba chini kwa chini.

"Basi mwite mwanao," akasema. "Nimwambie mwenyewe, pumzi ingalipo."