Rangi ya Kabati la Wifi

Tangu wifi yake Janine apake makabati ya jikoni na bafuni rangi ya kijani, Raelene hakuwa na raha. Ukoo mzima ulilisifu jiko lile, na mwaka huu chakula cha Krismasi kilikuwa nyumbani kwa Raelene.

"Wifi, rangi yako inaitwaje?" akauliza siku alipomtembelea.

"Wallahi nimesahau, mpenzi."

Amesahau! Roho mbaya tu. Raelene akaaga kwenda msalani, akajifungia, akabandua kwa ukucha kijipande cha rangi nyuma ya mlango wa kabati. Huyoo, mpaka duka la rangi, ambako mashine husoma rangi yoyote na kukuchanganyia ileile. Kwa haraka yake akakilaza kijipande kifudifudi, mashine ikasoma mgongo wake.

"Mke wangu, hii si pinki?" mumewe Trevor akauliza, brashi mkononi.

"Rangi mbichi hudanganya. Wewe paka!"

Ikakauka, ikazidi kuwa pinki. Kesho yake ndiyo Krismasi.

Janine aliingia na keki yake ya malai na stroberi, akaganda mlangoni.

"Jamani! Hii si rangi ya kwangu ya zamani? Nilipaka kijani juu yake kwa aibu!" Kisha akamkazia Raelene macho. "Kumbe panya aliyebandua rangi ya kabati langu ni wewe?"

"Si ulininyima jina!"

"Nilisahau kweli, wifi. Kopo zima limebaki gereji, ungesema tu nikupe."

Wote wakaangua kicheko. Raelene hakucheka. Alikuwa ameshaliona gauni la Janine, nalo lilikuwa jipya.