Matuta ya Epifania

Dada yangu Epifania alipopata kiharusi mimi nilikuwa Wampembe, naandika majina kwenye mitumbwi ya watu. Habari ilinifikia baada ya wiki tatu. Nikapanda lori la dagaa, nikafika Sumbawanga asubuhi, nikamkuta amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala pajani, mdomo umekwenda upande.

Aliponiona akasema, "Du, du, du."

Hakuwa na neno lingine. Sikulia. Nilitafuta mahali pa kuweka begi.

"Ndivyo anavyosema kutwa, mjomba," alisema mwanawe Gabriel, anayeuza mitumba sokoni. "Kuna kitu anataka. Nimemletea padri, siyo. Uji, siyo. Blanketi, siyo. Anakasirika, anarusha vitu."

Nesi mmoja akatushauri tumchoree vitu vya kila siku, kila kimoja na kadi yake, awe anagusa anachotaka kwa mkono wa kushoto. Kuchora ndiyo kazi yangu. Nimechora simba kwenye kuta za baa kuanzia Tunduma mpaka Mpanda. Lakini siku hizo mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo nikaenda kwa Happy, binti wa Mbeya mwenye steshenari karibu na stendi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kimeingia mjini, na Happy alikuwa na kompyuta ya kutengenezea kadi za harusi.

"Shikamoo babu. Tarehe ya harusi lini?"

"Marahaba. Nataka kuchora kikombe."

"Kikombe tu?"

"Na kitanda. Na choo."

Akacheka mpaka akaegemea meza. Nilipomweleza habari ya dada akanivutia kiti.

Kwenye programu ile huchori kama kwa brashi. Unaweka umbo, duara au mstatili, halafu unavuta nukta zake moja moja mpaka likae unavyotaka. Kikombe kilikuwa mstatili uliobanwa chini, na duara lililotobolewa katikati likawa mkono wake. Ukikivuta kiwe kikubwa kama ukuta, kingo zake hazichakai.

"Babu, hiyo ni mausi, siyo chuchu ya ng'ombe. Usikamue."

Ilinifaa kazi ile. Mkono unatetemeka, mstari hautetemeki. Kwa siku mbili nilitengeneza vitu kumi na viwili. Shamba nililichora matuta matano marefu, yamenyooka, kama yale ya bango la kilimo lililobandikwa ukutani kwa Happy.

Epifania aligusa kikombe, akapewa chai. Aligusa kitanda, tukamlaza. Gabriel alifurahi. Lakini kadi ya shamba aliisukuma kwa nyuma ya mkono, mara tatu, na ile du, du, du haikuisha.

"Basi shamba lake la kule Mollo halitaki tena," alisema Gabriel. "Umeona mwenyewe, mjomba."

Jioni ile akakubaliana na Amos, Msukuma aliyehamia na mifugo yake, kwamba Jumamosi aingize ng'ombe wake mle, na mgonjwa awe anapata maziwa. Miaka thelathini sijashika jembe, ningesema nini?

Alhamisi tulikuwa tunakula. Epifania akamega ugali kwa mkono wa kushoto, asiupeleke mdomoni. Akaweka donge kwenye mkeka, akaweka lingine pembeni yake, mpaka yakawa mistari miwili. Kisha akaanza kuyabonyeza kwa kiganja, moja moja, mpaka yakalala.

"Ona sasa, anachezea chakula kama mtoto! Mama, kula basi."

Niliyaangalia yale madonge. Kwetu Ufipa, mvua zikikaribia kuisha, tunageuza nyasi na udongo na kuvifukia pamoja kwenye matuta ya mviringo, ntumba. Zinaozea humo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikigonga, unayabomoa, unasambaza, unapanda ulezi. Usipoyabomoa, jasho la mwaka limepotea. Epifania alikuwa ameyalima yake kabla hajaugua, na sasa ilikuwa Novemba. Mimi nilikuwa nimemchorea shamba la bango.

Nikamwambia Gabriel.

"Unabahatisha, mjomba. Na Amos nimeshampa neno langu."

"Nipe mpaka kesho jioni."

Ijumaa nilichora duara, nikakata nusu ya chini, nikalinakili. Tuta moja, mawili, ishirini, kwa dakika chache.

"Hayo maandazi ni ya nani?" aliuliza Happy.

"Ni shamba."

"Kwetu shamba haliko hivyo."

"Kwetu ndivyo lilivyo. Nilisahau."

Nikatoa kadi tatu: matuta yamesimama, matuta yamekanyagwa na ng'ombe, matuta yamebomolewa na jembe limelazwa pembeni. Jioni nikazipanga mkekani, Gabriel akiwepo. Epifania aliigusa ya kwanza, akaipiga piga. Ya ng'ombe akaigeuza kifudifudi. Ya jembe akaichukua, akaiweka kwenye goti la mwanawe, akaiacha pale.

Gabriel aliichukua. "Sasa Amos nitamwambia nini?"

"Mwambie mama amekataa."

"Kwa mdomo gani?"

Nikampa kadi ya ng'ombe. Tukaenda wote. Amos aliishika chini ya taa ya chemli, akaitazama huku na huku.

"Huyu hana nundu," alisema. "Siyo wangu huyu. Basi, mngesema mapema."

Jumamosi tulifika Mollo mimi na Gabriel, mbingu imefunga. Tukafumua tuta la kwanza. Nyasi zilikuwa zimeoza vizuri, nyeusi.

"Udongo huu tunausambaza mpaka wapi, mjomba?"

Sikujua. Tukafumua la pili, tukasimama tena. Saa tatu Gabriel akaenda kuazima mkokoteni, akamleta mama yake juu ya magunia, tukamkalisha ukingoni mwa shamba. Akaonyesha kwa mkono wa kushoto: hapa, siyo pale, zaidi. Tulipokosea alirusha bonge la udongo. Moja lilinipata begani.

Mvua ilipoanza hakukubali kuondoka. Tukamfunika nailoni, tukaendelea kubomoa.