Ndala za Mama

Niliota usiku wa jana kwamba ndala zangu zimehama nyumba.

Ili mtu anielewe, aijue kwanza sheria ya kwetu. Watoto wetu wawili, Nakundwa wa miaka tisa na mdogo wake Elifuraha, hawaendi shule. Nawafundisha mwenyewe hapa nyumbani. Nakundwa nilimtoa shuleni kwa sababu mwalimu wake, mwaka mzima, hakuwahi kulijua jina lake. Mawifi zangu wanasema nimewaatamia watoto kama mayai, nami nimewaacha waseme. Lakini mtoto hamsikilizi mama kama anavyomsikiliza mwalimu, kwa hiyo tukawekeana sheria: nikivaa viatu vyeusi mimi ni mwalimu, nikivaa ndala mimi ni mama. Saa za masomo hapa hakuna mama.

Jana tulikuwa bondeni tukijifunza majani, Nakundwa akachomwa na mwiba unyayoni. Alinitazama miguu kwanza, akaona viatu, akanyamaza. Nikamwambia tutautoa baada ya masomo. Kisha kukaja kufua, kukaja kupika, nikasahau.

Basi katika ndoto naamka, nashusha mguu kitandani, ndala hazipo. Sebuleni fagio linafagia lenyewe, kwa kuwa leo ni zamu yake. Nalisalimu, naliambia pole kwa kazi, nauliza kama limeziona ndala zangu.

"Zimeondoka na mama," linasema. "Wameelekea bondeni."

"Mama ni mimi."

Fagio likanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi, sijui tangu lini. Likaniomba nisogee kidogo, likafagia niliposimama, likaendelea na kazi.

Jikoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwetu hakuna anayekula kabla hajaeleza alichopika, ndivyo watoto wanavyojifunza sayansi. Sasa sufuria ilikuwa imeishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Ipo motoni na imegoma kuchemka mpaka ielezwe kwa nini maji huchemka. Elifuraha, ambaye ana miaka mitano, alijieleza alivyoweza. Sufuria ikampa nusu ya alama, ikachemka nusu. Mchuma janga hula na wa kwao, tukala ugali mbichi sote. Baba yao aliitazama sahani yake, akanyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kutoka. Nikampa. Mpaka ndoto inakwisha alikuwa hajarudi.

Nafungua mlango wa jikoni, na nje si uani tena, ni bondeni. Nakundwa amekaa chini ameshika unyayo wake, analia polepole, kama mtu asiyetaka kusumbua darasa. Anasema anamtaka mama.

Nataka kuinama. Magoti hayakunjiki.

"Kengele haijalia," viatu vinasema. Sauti yao ni yangu, ile ya asubuhi.

Nafungua mdomo nimwambie pole mwanangu. Kinachotoka ni swali: "Mwiba una faida gani kwa mmea?"

Nakundwa akafuta machozi kwa kiwiko, akanyoosha mkono, akajibu vizuri. Akaongeza na mifano miwili ya miti ya hapahapa bondeni.

"Sahihi," ukasema mwiba kutoka ndani ya unyayo. "Mimi mwenyewe mengine nilikuwa siyajui."

Nikamwekea alama ya vema kiganjani kwa chaki. Chaki nilikuwa nayo, chaki huwa ninayo. Mwiba ukabaki palepale. Nilisikia uchungu, kwa sababu jibu lilikuwa zuri kweli na nililifundisha mimi.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mwanamke amekaa juu ya jiwe, amejifunga kanga yangu ya zamani, ndala zangu miguuni. Sura yake ilikuwa yangu, ila hakuwa na haraka. Nakundwa akavuka maji akichechemea, akamwekea mguu mapajani. Mwanamke hakumuuliza swali lolote. Akachomoa pini kwenye kanga, akachokonoa taratibu, akamalizia kwa meno, akautema mwiba majini. Kisha akambeba mgongoni, mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu vile, na Nakundwa akalaza shavu lake pale begani akafumba macho. Sikumbuki mara ya mwisho kumbeba.

Nikawaita warudi. Mwanamke akageuka.

"Kwani saa hizi ni saa za nini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa na viatu miguuni, na mwalimu hadanganyi mbele ya mwanafunzi.

"Saa za masomo," nikasema.

"Basi endelea kufundisha."

Wakaondoka. Nikageuka nifundishe. Darasani palikuwa na nyasi, na jiwe moja ambalo lilinyoosha mkono likauliza kama hayo yote yatatoka kwenye mtihani. Nikaliambia yatatoka.

Niliamka jua limeshachomoza. Nikashusha miguu. Ndala zilikuwepo chini ya kitanda, zimepangwa vizuri, ya kulia kulia na ya kushoto kushoto. Nilipozigusa zilikuwa zimelowa chapachapa, na mchanga wa mtoni umeganda kwenye mikanda yake. Huku kwetu mvua haijanyesha tangu Pasaka. Nikazisimamisha ukutani zikauke, nikavaa viatu vyeusi, maana hapakuwa na kingine cha kuvaa.

Nakundwa alikuwa uani anafagia. Hakuwa akichechemea. Alinitazama miguu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Acha kwanza hilo fagio, njoo niutoe ule mwiba."

"Ulishatoka," akasema. "Mama aliutoa usiku."

Akaniomba nisogee kidogo, akafagia niliposimama.