Napita Nyuma Yako

Mbavu zimeunga, daktari alisema. Lakini Mzee Brashi, walivyomwita kazini kwa sababu brashi haikumtoka mkononi, bado alilalia upande mmoja tu.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Kwenye banda la farasi hupiti nyuma ya mnyama kabla hujamsemesha: "Napita nyuma yako." Miaka yote alisema. Ila binti yake wa pekee alipoolewa mbali, nyumba ilibaki kimya, na asubuhi iliyofuata akaenda kazini na ukimya uleule, mpaka nyuma ya farasi jike mwekundu. Farasi akashtuka. Teke likampata ubavuni, akajikuta chini kwenye majani makavu akitafuta pumzi.

Leo alirudi. Msimamizi alimpokea mlangoni.

"Mzee wangu, ukishindwa kumsogelea yule, basi. Utakaa getini, ufungue na kufunga."

"Getini nitaongea na nani? Na kufuli?"

"Kufuli halina teke, mzee!" fundi wa kwato akadakia, wakaangua kicheko.

Naye alicheka, akachukua brashi yake, akaingia bandani.

Ndani, jike mwekundu alimpa mgongo. Mzee Brashi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Nyumbani alikuwa hana wa kumsemesha, koo likawa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akakohoa. Ubavu ukamchoma.

"Ni mimi," akasema hatimaye. "Napita nyuma yako, mama."

Sikio moja likageuka. Akaweka kiganja kwenye paja la farasi, akakitelezesha taratibu huku akizunguka, mpaka akatokea upande wa pili. Farasi akashusha pumzi. Naye akashusha yake. Kisha brashi ikaanza kwenda, na maneno nayo: kitanda cha binti kisicholaliwa, chai anayoichemsha ya watu wawili na kuimwaga nusu.

"Sasa huyo getini hatumpeleki," msimamizi alinong'ona nje. "Atamaliza kufuli kwa maneno."

Jioni alifungua mlango wa nyumba yake, akasimama kizingitini.

"Ni mimi," akasema.

Hakuitikiwa. Kiti, meza, kandambili za binti pembeni. Akatoa simu.

"Baba! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nakusemesha tu, usije ukashtuka."

Binti akacheka.

"Ongea, baba. Nipo."