Udongo wa Zizi

Kijiji ambacho serikali ya Wazungu ilitusukumia mwaka ule wa hamsini na tano, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, kilikuwa juu ya Runyenjes, kwenye mgongo wa kilima ambapo mtu mwenye akili hangefunga hata mbuzi. Kilizungushiwa handaki, na sisi wanawake ndio tuliolichimba kwa kazi ya lazima. Udongo uliotoka chini kabisa, mwekundu na mgumu, ulirundikwa ndani, papo hapo tulipopimiwa nyumba na vijishamba. Kisha bwana shamba akaja kutufundisha kulinda rutuba. Rutuba gani? Nilitaka kumuuliza, lakini nilikuwa nimechoka.

Mimi ni Wambeti, mke mkubwa. Mke mdogo alikuwa Kagure. Mume wetu alikuwa kizuizini Manyani, kwa hiyo tulibaki sisi wawili na Beth, binti wa Kagure, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutaja majina yetu. Mimi sikujaliwa mtoto. Beth alikuwa wetu sote.

Kabla ya mvua Beth alianza kuvimba miguu. Nywele zake zikageuka rangi ya kutu. Tulijua maana yake, kwa sababu tulikuwa tumeshawazika watoto wa majirani wakiwa hivyo hivyo. Alihitaji maharagwe na mboga, na sisi tulikuwa na uji wa mahindi tu, mwepesi hadi unaona chini ya kikombe. Kagure alipanda maharagwe kwenye kijishamba chetu, akayamwagilia. Yalichomoza, yakageuka manjano, yakalala.

"Huu udongo umekufa," aliniambia. "Nitaleta wa nyumbani."

Nyumbani ni kule bondeni, ambako nyumba zetu zilichomwa. Mbuzi walichukuliwa, lakini zizi lao halikubebeka. Miaka mingi mama mkwe alikuwa amelitunza zizi lile, akichanganya samadi na jivu na majani ya migomba, hata udongo wake ukawa mweusi na laini. Homugadi, askari wenyeji wa serikali, walipotupeleka kutafuta kuni upande ule, Kagure alikuwa akichepuka kidogo, anachota, anarudi.

"Watu huiba mbuzi," nilimtania. "Wewe unaiba mavi yake?"

"Cheka tu. Na mbegu za maboga zimo humu, zile walizokuwa wakitupiwa mbuzi. Yakiiva tutaona nani atacheka."

Kosa lake lilikuwa kuficha. Kutoa chochote kwenye mashamba ya zamani kulikatazwa, eti chakula kinapelekewa wapiganaji wa msituni. Basi aliufunga udongo kwa jani la mgomba usikauke, akautia ndani ya kibuyu, na kibuyu akakizamisha katikati ya mzigo wa kuni. Kwa mkulima hiyo ni akili. Lakini miaka ile udongo, jani la mgomba na kitu cha mbuzi vikikutwa pamoja vilikuwa na jina moja tu. Watu walikuwa wakilishwa kiapo cha kuwaunga mkono wale wa msituni kwa vitu hivyo hivyo, na aliyenaswa navyo hakuulizwa mara mbili.

Siku aliyonaswa, bwana DO, ofisa wa tarafa, Mzungu kijana, alikuwa amesimama langoni mwa posti, ngome ya homugadi. Mzigo wa Kagure ulifunguliwa, na aliyekitoa kibuyu alikuwa Njagi, homugadi. Utotoni Njagi alichunga mbuzi pamoja na mume wetu. Zizi lile alilijua kama la kwao. Alifungua jani, akachukua udongo kidogo, akanusa. Nilimwona usoni kwamba ametambua.

"Ni ya zizi, Njagi," Kagure alisema. "Ni ya kupandia mtoto mboga. Si wewe unaijua?"

DO aliuliza kitu kwa Kiingereza, na karani akatafsiri: "Bwana anataka kujua hii ni nini."

Njagi alilikunja tena lile jani. Ndugu yake alikuwa msituni, na kila mtu alijua. Mwenzake mmoja alikuwa amevuliwa koti la kazi na kufungwa kwa kumwonea mtu huruma.

"Ni ya kiapo, bwana," akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipiga kelele, nikamwita mwongo mbele ya Mungu na mbele ya mbuzi wa baba yake, na kiboko kikanishukia mgongoni. Kagure hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Beth usimpe uji wa baridi." Wakampakia kwenye lori la kwenda kizuizini. Kibuyu kilimwagwa kando ya lango, pale wapishi wa posti walipomwaga maji ya vyombo. Nilitamani kuuzoa udongo ule, lakini langoni pale hakuna mwanamke aliyethubutu kuinama.

Mvua ikaja, na mbegu zikaota pale langoni. Mmea wa maboga ulitambaa hadi kwenye seng'enge, majani mapana, mabichi, na mimi nilipita hapo kila nikienda kazi ya lazima. Nyumbani Beth alikuwa hasimami tena. Nilimwomba Njagi majani tu, hata yale ya kukanyagwa.

"Ni mali ya posti," alinijibu bila kuniangalia.

Beth alikufa maboga yakiwa bado maua. Tulimzika, mimi na majirani, kwenye ule udongo mwekundu, na ilibidi tubadilishane jembe, kwa ugumu wake.

Maboga yalipoiva, Njagi alikuja mlangoni kwangu mchana, amebeba nusu ya boga. Alikuwa amekonda.

"Chukua, mama. Ni tamu."

"Nani mwingine amekula?"

"Sisi wote wa posti. Hata bwana DO alipelekewa moja."

"Basi nisikilize, Njagi mwana wa Nyamu. Ulisema ule udongo ni wa kiapo. Kama ulisema kweli, posti nzima mmeshaapa, na bwana wako pia. Kama ulisema uongo, nenda umwambie amrudishe Kagure. Chagua moja."

Aliliweka boga chini, akaondoka.

Nilitaka kulitupa. Nilimchukia Njagi, na ninamchukia hadi leo. Lakini njaa haina heshima. Nilizitoa mbegu, nikazianika kwa ajili ya Kagure, kisha nikalipika. Lilikuwa tamu kweli. Nililila lote peke yangu, maana hapakuwa na mtoto wa kumgawia.