Gari la Wazi la Babu Shemweta

Niliota usiku wa jana kwamba gari la Babu limekaa sebuleni kwetu, juu ya mkeka, linanisubiri nimalize kunywa chai.

Gari lenyewe ni la mwaka 1936, paa la turubai, la kukunja. Meneja mmoja wa mashamba ya mkonge hapa Korogwe aliliacha porini likaota majani. Babu Shemweta, fundi mstaafu, alilifufua kwa miaka kumi na moja. Mwezi uliopita, kwenye harusi, nikamwambia mbele ya watu, "Babu, hilo si gari, ni jeneza lenye honi." Watu walicheka hadi wakaegemeana. Babu naye alicheka. Mimi na yeye ni watani: mimi namwita Bibi mke wangu, yeye ananiita mume mwenzangu, na mtani hakasiriki.

Kesho yake akasema, "Mume mwenzangu, wewe umesoma. Niandikie tangazo, liuzwe." Nikaandika, tena kwa mbwembwe. Wanunuzi walikuwa waje leo asubuhi.

Sasa lipo sebuleni, linakohoa.

"Umeandika mimi ni gari la kabla ya vita," linasema.

"Ndiyo."

"Vita gani?"

"Vya Pili."

Linakohoa tena. "Kumbe kuna vya pili. Basi usiniambie vinaanza lini, nina tairi mpya."

Nilikuwa nimeandika pia kwamba linauzwa kwa wakusanyaji tu, wale wa magari ya kale. Mlango unafunguka, wanaingia wakusanyaji watatu wenye suti na magunia. Wanakusanya. Wa kwanza anakusanya viti. Wa pili anakusanya sauti ya jogoo wa jirani, jogoo anabaki amefungua mdomo. Wa tatu anaichukua ile miaka kumi na moja ya Babu, anaikunja vizuri kama shuka za wageni.

"Hiyo ni ya mtu," namwambia.

"Tangazo linasema gari na vyote vilivyomo. Mwandiko si wako huu?"

Ni wangu.

Nageuka kuweka kikombe mezani, meza haipo. Tuko barabara ya Lushoto, kona baada ya kona, paa limekunjwa. Babu anaendesha, mimi niko pembeni yake, wakusanyaji wamejibana nyuma na magunia yao mapajani.

"Babu, mbona kimya?"

"Hili ni gari la wazi. Ukikaa humu unasema wazi, la sivyo unanyamaza."

Nikaona nimtanie kuhusu kofia yake. Nafungua mdomo, linatoka jingine: "Nilitaka meza ya vijana icheke. Gari nalipenda. Siku ulipoliwasha mara ya kwanza nilikwenda nyuma ya choo nikalia."

Babu anabadilisha gia.

"Iliniuma," anasema.

"Sasa mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza tungekuwa si watani tena. Ningebaki na gari, nani aniite mzee wa hovyo? Nikaona bora gari ndilo liondoke."

"Babu, nisamehe."

Hatujawahi kuambiana neno hilo. Kati yetu halina hata pa kukaa, kwa hiyo linaning'inia juu ya kioo cha mbele. Yule mkusanyaji wa tatu ananyoosha mkono, analichukua, analitia guniani.

"Nalo limo," anasema.

Nataka kupiga kelele lakini upepo wa mteremko unanijaa mdomoni, na hapo nikaamka.

Kumekucha. Jogoo anawika kama kawaida. Nje kuna lori la kubebea magari linanguruma, na Babu amesimama mlangoni kwangu, amevaa shati la kwenda mjini.

"Mume mwenzangu, wamefika. Amka tuliage."

Nilitaka kumwambia kila kitu, lakini kuna kitu kimenikwama kwenye jino la mbele. Nikakitoa kwa kucha. Ni bawa la mdudu, la kijani, mdudu wa barabarani, wa kumpata mtu anayeongea huku gari linateremka.

Babu akalitazama pale kidoleni mwangu. Akalitazama sana. Nje wanunuzi wakapiga honi, mara mbili, kwa adabu.

Babu hakwenda kufungua geti. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akageukia ukutani kidogo kama mtu mwenye aibu, akaanza naye kuchokonoa jino lake la mbele.