Mkate wa Raya Msumarini

Usiku wa jana niliota nimefika Samarkandi. Mji huo sijauona kwa macho. Nilihadithiwa na mjukuu wangu Raya, Ijumaa, kwa simu, nikiwa nakuna nazi. Raya alikwenda huko kusoma. Masomo yakaisha, yeye akabaki. Siku hizi anawatembeza wageni kwenye majengo ya kale.

"Bibi," aliniambia, "watu wa huku, mtu wao akisafiri humpa mkate auume mara moja tu. Uliobaki wanautundika ukutani. Riziki yake inamngoja, hana budi arudi aumalize."

"Na wewe utarudi lini?"

"Mwaka huu siji, Bibi. Wa mbele sijui. Usinitie moyoni sana."

Nikamwambia, "Haya." Nikaendelea kukuna, hata nikakuna kifuu.

Maana nilikumbuka. Siku aliyoondoka nilimwokea mkate wa ufuta, gari ikapiga honi, akatoka mbio bila hata kuuonja. Wakaula majirani. Basi jana jioni nikaoka mwingine, wa hamu tu, nikaufunikia kawa jikoni, nikalala.

Niko uwanjani Samarkandi, mkate nimeukumbatia. Majengo matatu makubwa yamekaa yakitazamana kama wake wenza waliopatanishwa juzi. Kuba moja la buluu linajivua kama kofia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vaa, utapata baridi."

Kigae kinatoka ukutani, kinanipapasa shavu. Ni baridi kama mtungi.

"Si kugusa kumekatazwa hapa?" nauliza.

"Wageni ndio waliokatazwa kugusa vigae," kinajibu. "Sisi hatukukatazwa kugusa wageni."

Mara namwona Raya. Yuko mbele na kibendera mkononi, amejitanda mtandio wangu wa manjano, watu wanamfuata. Namwona kisogo tu.

"Raya!"

Hageuki. Mnara mrefu unainama mpaka sikioni mwangu.

"Hapa kuna sheria, Bibi. Mgeni hasemi na mtembezaji mpaka avione vyote."

"Vyote ndivyo vingapi?"

"Ukivihesabu vinaongezeka."

Basi nikaacha kuhesabu, nikatazama. Mimi nimelea watoto na wajukuu, kungoja nakujua.

Natazama makaburi ya wafalme. Mfalme mmoja anachungulia, anauliza kama ni mimi niliyetumwa kuleta maji. Si mimi. "Basi pole na safari," anasema, anajifunika tena.

Natazama soko. Huku matikiti ndiyo yanayochagua watu. Yanawagonga kichwani kwa kidole na kusikiliza. Moja linanigonga mimi, linamwambia mwenzake, "Huyu ameiva zamani. Mpitishe."

Nageuka, soko limekuwa uani kwangu, Wete, kuku wangu wanadonoa zabibu kavu. Nageuka tena, ni Samarkandi. Kila nigeukapo, Raya yuko mbele, na kisogo chake.

Juu ya lango moja kuna simba mwenye milia, jua limekaa mgongoni kwake, anamkimbiza paa mweupe.

"Mnafukuzana toka lini?" nauliza.

"Toka tulipobandikwa," anasema simba.

"Na ukimkamata?"

Paa ndiye anayejibu. "Hanikamati. Zamani nilikuwa namwogopa. Siku hizi nikiona hatua zake zimepungua, natazama nyuma."

Mkate wangu umepoa. Namwomba simba niupashe moto kwenye jua lake.

"Weka tu," anasema, "usimwage ufuta, unawasha."

Naweka. Ufuta unaanza kunukia, harufu inavuka uwanja. Raya anasimama. Anainua pua. Hageuki.

"Nimebakiza kipi sasa?" namwuliza mnara.

Mnara unatazama huku na huku. "Uso wa mtembezaji. Hujauona."

"Nitauonaje na yeye hageuki?"

"Hilo halikutungiwa sheria."

Nikajishika kiuno. "We mke mwenzangu! Umeniachia majungu na mume, umekwenda zako kutembea na wanaume wenye kofia!"

Raya akacheka. Na mtu hawezi kuchekea ukutani, akageuka. Nikauona uso wake, nikauona na mwanya wake.

"Bibi! Umefikaje huku?"

"Nimelala."

"Umekuja kunichukua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikautoa mkate kwenye jua la simba, nikamnyooshea.

"Nimekuja na mkate. Uume."

"Hauumwi ugenini, Bibi. Mtu huuma anapoondoka kwao."

Nikatazama chini. Tulikuwa tumesimama uani kwangu, kando ya jiwe la kufulia. Wale wageni walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Simba alikuwa juu ya mlango wa jiko, paa wake mbele yake.

"Hapa ni kwa nani?" nikamwuliza.

Raya akatazama jiwe, akatazama kuku. 

"Kwetu."

Akauma. Mara moja tu. Akatafuna polepole, macho kayafumba.

"Chumvi imezidi, Bibi."

"Ukirudi nitapunguza."

Akainua kibendera chake, wageni wakasimama, wakatoka naye mlango wa uani. Safari hii alikwenda akitazama nyuma, akitazama nyuma, mpaka nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nikaenda jikoni, nikafunua kawa.

Mkate umeumwa pembeni. Nyumbani nimo peke yangu, na meno ya mbele mimi nilishaagana nayo. Panya naye haumi hivi. Alama zimejipanga sawasawa, na katikati yake kimesimama kijiukuta chembamba cha mkate ambacho meno hayakukifikia. Pale pale penye mwanya.

Nikaonja chembe. Kweli, chumvi imezidi.

Nikautoboa, nikaupitisha uzi, nikautundika ukutani kwenye msumari wa kalenda. Kalenda nikaishusha. Kisha nikarudi kitandani, mlango wa chumba nikauacha wazi niuone mkate wangu, nikautazama mpaka macho yakawa mazito, nikalala.